Chura wa plastiki: besi wanaruka, maji yanapasuka, ndoana inarudi tupu. Naombeni ushauri

Kijana wa Mtumbwi

Wakuu, habari za wakati huu. Naja kwenu nikiwa nimechoka kuchekwa na samaki.

Navua besi, yule samaki mwindaji wa mdomo mpana, kwa chambo bandia cha chura, wale wa plastiki laini wanaopita juu ya maji. Ninapovulia pamejaa mayungiyungi na magugu yaliyotandaa mpaka maji hayaonekani. Chambo kingine chochote kinarudi kimevaa majani, chura peke yake ndiye anayepita. Samaki wapo, hilo halina ubishi. Wanakuja kwa fujo: maji yanapasuka, jani linapinduka, mara nyingine naona hadi mgongo. Navuta kwa nguvu zangu zote, chura anachomoka hewani na kunijia usoni. Hao wachache wanaonasa nao wengi wananiponyoka humohumo kwenye magugu.

Vifaa nilivyonavyo: fimbo ya futi sita na nusu, ya uzito wa kati, na mshipi wa nailoni wa pauni 15, yaani uzito unaohimili kabla ya kukatika. Vyura ninao wa aina mbili. Mmoja ana tumbo tupu na ndoana pacha zimemlalia mgongoni. Mwingine kajaa plastiki mwili mzima, miguu yake inachapa maji ukimvuta, huyo ndoana nimemtia mwenyewe.

Tatizo ni mimi, fimbo au chura? Na hili la kusubiri kabla ya kuvuta lina ukweli? Kila ninayemuuliza ana idadi yake ya sekunde.

Mzee wa Matete

Mkuu, wewe unavua kwa masikio.

Ule mlipuko wa maji hauna maana kwamba chura yuko mdomoni. Besi hufungua mdomo ghafla, maji yanafyonzwa kwenda ndani na kilichomo kinafuatana nayo. Kwenye maji wazi chura anafyonzwa bila shida. Kwenye magugu mazito kuna zulia kati ya besi na mlo, hivyo analipasua akifuata kivuli na mtikisiko, na mara nyingi anatokea pembeni kidogo ya chura. Wewe umesikia kishindo, yeye hajapata kitu. Ukivuta hapo unamnyang'anya chakula alichokuwa anarudi kukichukua.

Achana na sekunde. Maji yakipasuka, shusha ncha ya fimbo ielekee kwa chura, zungusha rili, ile mashine ya kukunjia mshipi, upesi uondoe ulegevu, halafu usikilize kwa mkono. Kuna uzito, au mshipi unatembea wenyewe? Hapo vuta juu kwa nguvu zako zote, usimwonee huruma. Hakuna uzito? Mwache chura palepale. Mtikise kidogo bila kumsogeza. Wengi hurudi.

Na vaa miwani. Chura wa kukurukia usoni ana ndoana mbili.

Popo wa Ziwani

Namheshimu mzee hapo juu, ila kwa nailoni ya pauni 15 hata akisubiri mpaka kesho hanasi kitu. Kuingia kwenye magugu na nailoni ni kwenda vitani na manati.

Fundi Gia

Popo kasema kwa ukali ila kasema kweli. Nailoni inavutika. Ukivuta fimbo, nguvu yako ya kwanza inaishia kurefusha mshipi, na kwa chura kuna kazi mbili za kufanya kwa mpigo: kulibana lile tumbo la plastiki ndoana zitokeze, kisha kuzizamisha kwenye mdomo mgumu. Hazifiki.

Funga mshipi wa kusokotwa, pauni 50 hadi 65. Hauvutiki, na ukikazwa unakata mashina laini ya magugu badala ya kukwama. Kwenye kikombe cha rili anza na mizunguko michache ya nailoni chini yake, la sivyo mshipi wote utazunguka juu ya chuma na utadhani breki imeharibika. Kumfungia chura, fundo liitwalo Palomar linatosha.

Fimbo iwe futi 7 au zaidi kidogo, nzito, yenye mgongo mgumu lakini ncha inayokubali kupinda ili uweze kumrusha chura na kumchezesha. Rili iwe ya kasi, uwiano wa 7 kwa 1 au zaidi (ukizungusha mkono mara moja, kikombe kinazunguka mara saba), maana ulegevu ni mwingi na muda ni mfupi. Breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke, kaza hadi mwisho.

Sasa hao wanaokuponyoka. Akishanasa hakuna kumchezea. Kichwa chake kitangulie juu ya magugu tangu mwanzo na usimpe nafasi ya kugeuka. Akikuwahi akajizika, acha kuvutana naye, utapasua mdomo au utanyoosha ndoana. Shikilia mshipi ukiwa umekaza, peleka mtumbwi mpaka alipo, ondoa magugu kwa mkono. Mara nyingi utamkuta katulia ndani ya furushi la majani.

Bi Mshipi

Kaka, umeuliza swali moja kwa vyura wawili tofauti, na ndiyo maana majibu yanakuchanganya.

Nianze na yule wa tumbo tupu. Mshike kati ya kidole gumba na cha shahada, mbonyeze taratibu. Ndoana zinatakiwa zitokeze bila wewe kutumia nguvu. Wengi wakiwa wapya ni wagumu, besi anambana na ndoana zinabaki zimejificha. Mloweke kwenye maji ya uvuguvugu, mkande kwa vidole mpaka alegee. Kisha chukua koleo, pinda kila ndoana kwenda nje, kidogo mno, kiasi kwamba asiyejua hataona tofauti. Ukizidisha atazoa magugu. Ile miguu ya nyuzi pia ni mirefu mno akitoka dukani. Ipunguze. Ikibaki mirefu samaki hushika nyuzi tu, na chura hageuki vizuri kushoto na kulia unapomdonoadonoa kwa ncha ya fimbo.

Yule aliyejaa hana tabia hizo. Ukimsimamisha kwenye maji wazi, wengi wao wanazama. Huyo si wa kudonoa na kungoja, huyo ni wa mwendo: ncha ya fimbo juu, unamvuta bila kukatisha, miguu ichape maji. Akifika kwenye tundu kati ya majani unaweza kumwacha azame kidogo, na hapo ndipo wengine humchukua kimyakimya.

Nikuulize: huyu wa pili umemtia ndoana namba ngapi, na ncha yake iko wapi?

Kijana wa Mtumbwi

Shukrani wakuu, nasoma kila neno. Dada, namba siikumbuki, ila ni ndogo, inaishia kama katikati ya mwili wake. Ncha nimeizamisha yote ndani ya plastiki isishike magugu.

Bi Mshipi

Basi huyo wa pili jibu lake ni hilo. Ndoana yako inatakiwa itoboe plastiki yote hiyo kwanza ndipo imfikie samaki.

Tafuta ndoana ya tumbo pana, namba 4/0 au 5/0 kulingana na unene wa chura. Ingiza ncha puani, kama nusu sentimita, itokee kidevuni. Ivute hadi shingo ya ndoana ikae puani, igeuze ncha imtazame chura. Sasa, kabla hujatoboa, ilaze ubavuni mwake uone kona ya ndoana inaangukia wapi, weka alama kwa ukucha. Toboa hapo kutoka tumboni, moja kwa moja, itokee mgongoni. Vyura wengi wana mfereji mgongoni, ndoana ilale humo. Ncha ichome ngozi tu, ukipitisha kidole unaihisi ila haikukwaruzi. Mtazame kwa mbele: akiwa amepinda hata kidogo, atazunguka majini na kukusokota mshipi. Pale puani weka tone la gundi, kwa sababu plastiki huteremka kila akipigwa.

Popo wa Ziwani

Nyongeza: kuna wanaofunga ndoana ya ziada mkiani. Wanaoshika miguu tu wote unawapata.

Mzee wa Matete

Hapo sikubaliani nawe. Kijana kasema anavua juu ya magugu, ndoana iliyo wazi mkiani itamwokotea majani kila mrusho na atamchukia chura bila sababu. Ukingoni kwenye maji wazi, sawa.

Dawa ya aliyekosa mimi naiona ni fimbo ya pili. Weka tayari mnyoo wa plastiki usio na risasi ya kuuzamisha. Besi akipasua tundu akamkosa chura na hataki kurudi, tupia mnyoo ndani ya tundu lilelile, uache ushuke wenyewe. Yuko chini yake. Tundu halizibi mara moja, lakini usizubae.

Asiye na Haraka

Naona hakuna aliyegusa mahali pa kurusha. Zulia la magugu likiwa kubwa, sehemu kubwa yake haina samaki. Mimi natafuta palipo na tofauti: tundu, pembe inayochomoza, mahali magugu ya aina mbili yanapokutana, shina la mti lililojitokeza. Na zima injini usikilize. Ukisikia vilio vidogovidogo vya midomo, tsk tsk, chini ya majani, ni samaki wadogo wanaokula wadudu. Wakubwa hawako mbali nao. Kimya kabisa? Mimi nahama.

Rusha chura avuke tundu, atue juu ya jani, umvute aingie majini polepole. Akishaingia, msimamishe. Wengi wenu mna haraka ya kumtoa.

Kijana wa Mtumbwi

Na rangi? Nina wa kijani mwenye madoa, mzuri kweli, kachorwa hadi macho.

Asiye na Haraka

Macho hayo umechorewa wewe. Besi anamtazama kutoka chini, anachoona ni tumbo na umbo lenye anga nyuma yake. Mweusi kwa magugu mazito na mwanga hafifu, mweupe iwapo samaki wa hapo wanakimbiza vidagaa, na ukimaliza hapo acha kununua. Cha kuangalia zaidi ni joto la maji. Chini ya nyuzi joto 15 za Selsiasi hivi chura utamrusha kwa mazoezi ya mkono.

Popo wa Ziwani

Asije akadhani bila chura hakuna besi mkubwa. Rekodi ya dunia ni pauni 22 na aunsi 4, ya George Perry, Georgia, 1932. Manabu Kurita akaifikia kule Ziwa Biwa, Japani, 2009, tena kwa chambo cha samaki hai.

Fundi Gia

Popo, kijana anavulia juu ya majani. Huyo samaki hai atampitishia wapi?

Kijana wa Mtumbwi

Nimewaelewa wakuu. Mshipi nabadilisha, na yule aliyejaa namtoa ndoana leo hii. Moja la mwisho: yule wa tumbo tupu akishavutwa sana anaanza kuelea kitako chini, kichwa juu, na kutembea hataki. Kaisha?

Bi Mshipi

Hajaisha, amekunywa maji. Mkamue kila baada ya kurusha mara kadhaa, elekeza tundu la ndoana chini ubonyeze mpaka maji yaache kutoka. Kitako kikiwa chini kidogo tu si vibaya, ndivyo wengi walivyotengenezwa, ndoana ikae vizuri. Ila akijaa tena baada ya mrusho mmoja, kagua pale puani mshipi unapofungwa na pale ndoana zinapotokea. Mwache akauke kabisa ndani, zungushia gundi ya silikoni kidogo puani, umlaze usiku mzima. Kwenye ndoana usizibe kote, plastiki inatakiwa iteleze hapo ikibanwa. Na usimhifadhi boksi moja na yule mwingine, plastiki za aina tofauti zikigusana muda mrefu huyeyushana.