Ukoo wa Mzee Shomari 🌙

Da Mwaju 20:41
Asalaam alaykum ukoo. Leo mwezi 27, nakumbusha lile la watoto. Asubuhi ya Idi wakitoka kuswali, kila mtoto abebe kimfuko chake, visheti na kaimati, akampe mtu asiyemjua. Wale kina mama wanaofagia barabara, bodaboda wa kijiwe cha msikitini, mlinzi wa duka la dawa. Watoto 14. Mchango 5,000 kila nyumba. Nani yupo?

Da Mwaju 21:15
Tiki za bluu naziona jamani.

Anko Seif 21:17
Mimi nipo. Na kuna watoto humu hawanijui, wanipitie na mimi 😂

Mama Yusra 21:20
W/salaam. Kaimati kwenye mfuko dada? Shira yote si itaishia kwenye kanzu. Na hiyo 5,000 ndo fitri?

Da Mwaju 21:21
Hapana! Fitri ni pishi ya mchele kila kichwa na inatoka kabla ya swala, kila baba na watu wake. Huu mkono wa Idi tu, watoto wajifunze kutoa. Msinichanganyie. Kaimati basi, visheti tu.

Anko Seif 21:22
Fitri ya kwa Mama Yusra haihesabiwi pishi, inahesabiwa magunia 🤣

Baba Nassor 21:30
Vinapikwa kwa nani hivyo visheti? Sufuria langu mwaka jana lilirudi limetoboka. Kifuniko mpaka leo.

Da Mwaju 21:31
Mdogo wangu, mwezi mtukufu huu.

Baba Nassor 21:31
Ndiyo maana nakiuliza kwa upole.

Mama Yusra 21:34
Tukianza ya mwaka jana tuyamalize. Nassor alimrushia mama wa watu mfuko dirishani, gari linatembea, kama anamwagia kuku pumba.

Baba Nassor 21:35
Nyuma walikuwa wananipigia honi!!

Baba Nassor 21:38
_Ujumbe huu umefutwa_

Idrisa 21:40
Tuwashonee fulana za kufanana? Picha napiga mimi.

Da Mwaju 21:41
Hilo sasa ndo wazo. Tutaweka status.

Nuru 22:03
Shikamooni. Bibi kanisomesha yote, naandika anavyosema:
Mwaju, mwaka aliokufa baba yenu nilikuwa nauza maandazi stendi. Siku ya Idi kaja mama na mwanawe, wamependeza. Mtoto kanipa sahani ya pilau, wakasimama. Yule mama akasema, kula bibi, mtoto aone. Nilikuwa na miaka 36, sikuwa bibi wa mtu. Nikala nusu wakiniangalia, nusu nikawaletea nyinyi. Watoto waende mmoja mmoja, simu ziachwe nyumbani. Waamkie kwanza, wataje jina lao, waulize la mwenzao. Akitaka kuongea wamsikilize. Kama hamuwezi, wakae nyumbani wale visheti vyao.

Da Mwaju 22:19
Mama, ile pilau naikumbuka. Tuliigombania.

Anko Seif 22:20
🙏

Idrisa 23:02
Fulana nilishaulizia bei… niache?

Shangazi Rehema (Muscat) 05:48
Daku nilishakula, sasa nasoma huku nalia. Nimetuma cha visheti, Mwaju angalia simu. Idi lini huko?

Anko Seif 06:10
Tunasubiri mwezi. Na kifuniko.

Da Mwaju 06:15
Seif!! Hela nimeiona Rehema, ahsante. Nyumba zilizolipa tatu. Jana usiku nilipita duka la dawa, nikamuuliza mlinzi jina. Miaka sita ananifungulia geti la pale. Anaitwa Lazaro.

Mama Yusra 06:31
Yusra anauliza, huyo mtu akisema hataki kisheti afanyeje?

Da Mwaju 06:40
Nuru, muulize Bibi.

Nuru 09:12
Amelala.