Naomba ushauri: mteja haridhiki na marejesho yake ya kodi
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nina ofisi ndogo hapa Malindi ninamowajazia watu ritani za kodi kupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya mapato ya Kenya, na kila inapokaribia Juni 30, siku ya mwisho ya kuziwasilisha, hunijia wateja wanaotaka marejesho makubwa, yaani kurudishiwa pesa za kodi, kama aliyoyapata jirani. Juzi mama mmoja, mfanyakazi wa hoteli, aliiweka P9 yake (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa mwaka mzima) mezani akashikilia kwamba nimemdhulumu, ilhali mwajiri alimkata kodi sawasawa, unafuu wa kodi wa shilingi 2,400 kwa mwezi alikwisha kupewa, na hana bima ya maisha wala mkopo wa nyumba wa kumpunguzia zaidi. Kubuni makato sitakubali kabisa, maana atakayeulizwa baadaye ni yeye. Wenzangu mnaofanya kazi hii, huwa mnamweleza vipi mteja kama huyu mapema, na ada yangu niidai vipi bila kumvunjia heshima?