Ukoo wa Igombe: besi ya Kabula

*Jumamosi*

Mama Kabula, 18:12
Habari za jioni ndugu zangu. Nimejumlisha mchango wa gitaa la besi la Kabula. Mpaka sasa 385,000. Aliyebaki anajijua, yuko Dar.

Mjomba Dar, 18:15
😂 Dada bwana. Hela ipo. Ila kwanza tazameni hii

Mjomba Dar, 18:15
[picha]

Mjomba Dar, 18:16
Nimepita Kariakoo mchana. Nyuzi tano, mpyaa, jekundu linawaka. Wanataka 480, nikikaza wanashuka 450. Nimalizie hiyo tofauti, Jumatatu lipande basi?

Kabula, 18:16
Shikamoo mjomba. Jamani ni zuriii 😭😭

Mama Mkubwa Mwaloni, 18:20
Laki nne na nusu kwa ubao wenye nyuzi. Haya. Dagaa ndoo ngapi hizo

Daudi, 18:24
Shikamooni wazee wangu. Mjomba umelishika hilo gitaa au umeliona kwa mbali tu?

Mjomba Dar, 18:25
Marahaba baba. Limetundikwa juu ukutani, nikapiga picha. Si jipya?

Daudi, 18:31
Basi tusilipe kwanza. Upya wake si hoja. La kwanza langu nililinunua hivyohivyo kwa picha, duka silitaji. Lilivyong'aa, hata jirani alikuja kupiga nalo selfi. Shingo ilikuwa imepinda. Huku kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) uko salama, ukifika ya 12 uzi umeinuka unaweza kupitisha kidole kizima chini yake. Nilibonyeza mpaka ncha za vidole zikachubuka. Miezi miwili najiona sina kipaji, mwalimu wa kwaya naye ananiona hivyohivyo. Siku moja nikashika besi ya mgeni kutoka Geita, nikapiga ule wimbo uliokuwa unanitoa jasho kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilikasirika sana aisee.

Mama Mkubwa Mwaloni, 18:33
Kumbe ndiyo sababu uliliweka darini. Mimi nikajua uvivu

Mama Kabula, 18:34
Na aliyechomeka besi akapasua sabufa yangu Pasaka, hiyo nayo ilikuwa shingo?

Kabula, 18:34
🙈 mama tulishayamaliza

Daudi, 18:40
Hapo mama mdogo kosa halikuwa la gitaa. Uzi mnene wa besi, ule tunaouita E, unatikisika mara 41 kwa sekunde. E nene ya gitaa la kawaida ni 82, yaani besi inatikisika nusu yake, ndiyo tunasema iko oktavu nzima chini. Sasa spika ikitaka kuitoa sauti ya chini namna hiyo kwa nguvu, karatasi yake inabidi iende mbele na nyuma safari ndefu. Muziki wa redio unatoka studio umeshalainishwa. Kidole cha mtu kikikwanyua uzi kinagonga ghafla, hakilainishwi na yeyote. Sabufa ya sebuleni haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Hata amplifaya ya gitaa la solo ukiipandisha sauti na besi unaiua.

Mama Kabula, 18:42
Kwa hiyo gitaa, halafu na amplifaya. Mlinificha hilo.

Mjomba Dar, 18:47
Ndiyo maana nasema tuongeze hela. Halafu Daudi, kwaya zote siku hizi nyuzi tano. Mtoto akijifunza nne si ataachwa? Nne ni mambo ya kizamani

Daudi, 18:55
Nne ndiyo besi yenyewe mjomba 😀 Mmarekani Leo Fender alipoingiza sokoni besi yake ya umeme mwaka 1951 ilikuwa na nyuzi nne, na urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu mpaka kwenye daraja inchi 34. Besi nyingi mpaka leo zina kipimo hichohicho.

Mama Mkubwa Mwaloni, 18:56
Daraja gani tena, la Busisi?

Daudi, 18:58
😂😂 mama. Daraja ni kile chuma cha chini nyuzi zinapoegemea.
Mjomba, uzi wa tano unashuka mpaka mara 31 kwa sekunde. Amplifaya ndogo ya chumbani haiutoi, utasikia kama mtu anakohoa chumba cha pili. Na shingo yake inakuwa pana zaidi, wakati huyu vidole ndiyo kwanza vinatafuta njia. Wimbo ukitaka chini zaidi tunalegeza E inakuwa D, sebene inaendelea. Akishaiva atanunua ya nyuzi tano kwa hela yake.

Kabula, 19:03
Kaka Daudi mimi nilitaka kuuliza. Ya kanisani nikiivaa mkono wa kushoto haufiki vizuri freti ya kwanza. Dada mmoja kwenye kwaya alisema mimi mfupi niimbe tu

Mjomba Mwalimu Sengerema, 19:10
Nimetoka kusahihisha madaftari nakuta mnamvunja moyo mtoto. Kabula, Paul McCartney wa Beatles alinunua besi yake Hamburg mwaka 1961, Höfner, kwa sababu bei yake aliiweza. Fender ilikuwa mbali na mfuko wake. Na ile Höfner ni fupi, inchi 30. Iliibwa 1972, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba imepatikana. Miaka yote hiyo watu wanatafuta gitaa la bei nafuu.

Mama Kabula, 19:12
La huku likiibwa msinitafute

Daudi, 19:17
Mjomba Mwalimu kaongea. Fupi zipo, ila mimi hapa mjini sijaiona dukani hata moja, tusije tukasubiri mwaka. Kabula tatizo lako ni mkanda. Ya kanisani umeivaa ilivyoachwa na yule jamaa mrefu, inaning'inia magotini. Fupisha mkanda gitaa likae tumboni, kichwa chake kiinuke kidogo kuelekea begani. Mkono utafika. Jaribu kesho kabla ya ibada.

Mjomba Mwalimu Sengerema, 19:25
Sasa nilichotaka kusema. Kanisa la jirani na shule hapa wamepata besi nyingine, ya zamani wanaiuza 260,000. Naweza kuiona kesho.

Mjomba Mwalimu Sengerema, 19:26
[picha]

Kabula, 19:27
Mbona imechubuka hivyo 😔

Mjomba Dar, 19:28
Hiyo imetoka vitani

Daudi, 19:30
Ngojeni. Mjomba kuza hapo kwenye kichwa cha gitaa. Yamaha RBX?

Mjomba Mwalimu Sengerema, 19:31
Ndivyo ilivyoandikwa.

Daudi, 19:32
Tusilale basi jamani. Mjomba kesho nenda na kadi tatu. NIDA, ya benki na ya bima

Mjomba Mwalimu Sengerema, 19:33
Wananiuzia gitaa au wananikopesha?

*Jumapili*

Simu ya Bibi, 07:05
Mwangaluka. Ni Shija naandika. Bibi anasema amesomewa yote, anauliza hilo gitaa ni la kupiga kanisani au la baa

Mama Kabula, 07:20
Shikamoo mama. La kanisani.

Simu ya Bibi, 07:24
Anasema sawa. Anasema lakini babu yenu yeye alikuwa anapenda ya baa

Kabula, 12:48
Nimefupisha mkanda. NIMEFIKA FRETI YA KWANZA

Mjomba Mwalimu Sengerema, 13:30
Nipo nalo mkononi. Elekeza, mlinzi wa kanisa anataka kwenda kula.

Daudi, 13:32
Kwanza lishike kama bunduki, jicho liangalie kutoka kwenye kichwa kuelekea mwilini, kando ya shingo. Imejikunja kama kamba ya nguo iliyolowa? Imesokotwa?

Mjomba Mwalimu Sengerema, 13:34
Naona iko sawa. Labda imebonyea kidoogo katikati.

Daudi, 13:36
Kidogo inatakiwa, uzi upate nafasi ya kucheza. Sasa bonyeza uzi mnene freti ya kwanza, na mkono mwingine bonyeza pale shingo inapoingia mwilini. Angalia freti ya 7 na ya 8, kati ya uzi na chuma pana nafasi gani?

Mjomba Mwalimu Sengerema, 13:39
Nimemwita kijana anishikie. Karatasi ya daftari inapita, kadi ya benki haipiti.

Daudi, 13:40
Safi sana! Hapo chuma kilichomo ndani ya shingo kinaishikilia vizuri. Achia uzi, nenda freti ya 12. Panga kadi tatu pamoja uzipitishe chini ya uzi mnene bila kuubonyeza

Mjomba Mwalimu Sengerema, 13:44
Tatu zinapita na ya nne ingepita. Ya nne ni ya maktaba, imepita.

Daudi, 13:47
Kadi moja ni karibu milimita 0.76. Tatu ni 2.3 hivi, hapo ndipo pazuri. Yako imepanda kidogo, fundi anaishusha kwenye daraja, kazi ndogo.

Mjomba Mwalimu Sengerema, 13:48
Kuna tundu la skrubu hapa kichwani, nina ufunguo wa alenki kwenye pikipiki. Nikaze?

Daudi, 13:48
USIGUSE MJOMBA

Daudi, 13:49
Samahani kwa herufi kubwa. Hicho ndicho kile chuma cha shingo. Kinazungushwa robo tu, unasubiri, unapima tena. Kikikatikia ndani tumenunua kuni.

Mjomba Mwalimu Sengerema, 13:51
Nimerudisha ufunguo.

Daudi, 13:53
Pita kila freti kwenye kila uzi polepole. Sikiliza mlio wa nzi. Halafu linganisha uzi mtupu na freti ya 12, sauti iwe ileile ila oktavu juu. Tumia programu ya kutyuni ya kwenye simu.

Mjomba Mwalimu Sengerema, 14:02
Nzi yupo freti ya 3 uzi wa mwisho, mmoja tu. Simu inasoma nyuzi tatu, ule mnene haiusikii.

Daudi, 14:04
Maiki ya simu E nene inaisumbua. Gusa uzi juu ya chuma cha freti ya 12 bila kubonyeza, ukwanyue, uachie. Itatoka sauti kama kengele, hiyo itaisoma.

Mjomba Mwalimu Sengerema, 14:06
Imesoma. Mlinzi naye amevutiwa, hataki tena kwenda kula.

Daudi, 14:07
Sasa chomeka kwenye spika yao. Zungusha vitufe vyote, tikisa waya kwenye tundu

Mjomba Mwalimu Sengerema, 14:13
Kitufe cha sauti kinakwaruza. Waya ukitikiswa sauti inakatika. Ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi umelegea skrubu. Nyuzi zina kutu. Betri sijaona inapokaa.

Daudi, 14:16
Betri haina hiyo, na ndiyo raha yake, haitamzimikia katikati ya ibada. Mengine ni dawa ya kupuliza na risasi ya kuunganishia. Tundu hilo nalitengeneza mwenyewe hata jikoni kwa mama. Sasa punguzeni bei kwa kutaja hayo yote, moja moja, kwa huzuni.

Mjomba Mwalimu Sengerema, 14:40
230,000 na begi lake.

Mjomba Dar, 14:41
Mwalimu hujambo 😂 Nimetuma 50 kwa dada. Lile jekundu libaki ukutani.

Mama Kabula, 14:45
Imeingia. Jumla 435,000. Mwalimu nakutumia 230 sasa hivi pamoja na ya kutolea. Mkononi inabaki laki mbili na kitu

Mama Mkubwa Mwaloni, 14:46
Chenji irudi kwa wenyewe

Daudi, 14:52
Mama chenji ndiyo itakayompa sauti. Seti mpya ya nyuzi za besi, waya mmoja imara, mkanda, na kale kaamplifaya kadogo kanakochomekwa kwenye tundu la gitaa unasikilizia kwa hedifoni. Mama mdogo atalala, sabufa itapona. Amplifaya kubwa ya nini sasa? Kanisani ipo, na hiyo ya kushindana na ngoma ni wati mia na zaidi, hatuiwezi leo.

Kabula, 14:53
Nyuzi zile za kutu nizitupe?

Daudi, 14:55
Usitupe. Ambazo hazijaliwa sana zichemshe kwenye maji kama dakika kumi, zikaushe vizuri sana, zinarudisha makali kwa siku kadhaa. Uweke kama akiba. Na ukimaliza kupiga futa nyuzi kwa kitambaa, jasho ndilo linalozila.

Simu ya Bibi, 15:10
Bibi anauliza nyuzi zinachemshwa na nini, nazi au karanga

Mjomba Mwalimu Sengerema, 15:30
Kesho narudi nalo mwenyewe kwa basi. Kondakta atataka kuliweka kwenye buti.

Daudi, 15:31
Lipakate mjomba. Joto la buti linapinda shingo. Siku hizi si unapita daraja la Busisi tu, huna foleni ya kivuko.

*Jumatano*

Daudi, 17:20
[picha] Nimelipitia. Tundu jipya, nyuzi mpya, kadi tatu zinapita, ya nne inagoma. Kabula njoo uchukue

Kabula, 17:21
Nipo kwenye daladala tayari 😭 Wabeja sana kaka, wabejeni wote

Mama Mkubwa Mwaloni, 18:50
Amepita hapa Mwaloni kulionesha. Amelikumbatia kama mgonjwa. Lizito hilo

Kabula, 20:35
Kaka Daudi kale kaamplifaya hakajaja bado, nasikia tik tik tu. Nifanyeje leo?

Daudi, 20:37
Egemeza kichwa cha gitaa kwenye kitu cha mbao kikubwa, meza au kabati. Mbao itaitikia, utasikia besi vizuri.

Mama Kabula, 21:14
Nani amemwambia mtoto aegemeze gitaa kwenye kabati langu la vyombo? Vikombe vinalia vyenyewe huku

Daudi, 21:15
Ujumbe huu umefutwa

Mama Kabula, 21:16
Nimeshausoma Daudi

Simu ya Bibi, 21:20
Bibi anasema mama Kabula usimzuie, piga simu aweke kwenye spika asikie na yeye