Kisu cha kukunja cha kuweka kwenye gari

Wadau, naomba ushauri. Kisu changu cha shilingi mia mbili kutoka soko la Gikomba, Nairobi, kilijifunga chenyewe nikikata kamba ya mzigo, nusura nibaki na vidole tisa. Nataka kimoja imara cha kukaa garini na tochi na sanduku la huduma ya kwanza, siku nyingine mfukoni.

Fundi wa Kariobangi: Pole ndugu. Angalia kufuli kwanza (kile kinachozuia makali yasijikunje), chuma baadaye. Mimi natumia Opinel namba 8 ya Ufaransa: makali sentimita 8.5, na pete shingoni unayoizungusha kisijifunge. Cha chuma cha kaboni hushika kutu usipokipaka mafuta. Tena mpini wa mti ukilowa huvimba, kisu kikagoma kufunguka (masika yalinifunza).

Mama Wawili: Mkanda wa gari ukikwama, makali ya meno yanaukata vizuri. Na usikiweke kwenye buti! Gari likipinduka utakifikiaje?

Muulizaji: Buti ndiko nilikokuwa nakiweka, jamani. Na mfukoni je?

Fundi wa Kariobangi: Ukienda mjini, kiache nyumbani. Changu cha kwanza nilimwachia askari wa mlango wa jumba la maduka. Kurudi, zamu imebadilika. Sijakiona tena.