Mafundi wa Mbeya mnaouza "kubusti FPS" kwenye Steam Deck, rudisheni hela za watu

Wakuu, heshima mbele. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, na nitaeleza kilichofanyika hatua kwa hatua ili anayetaka kupinga apinge kwa hoja.

Hapa Mbeya mjini kuna biashara imeshika kasi. Una Steam Deck, ile kompyuta ya gemu ya kushika mkononi ya kampuni ya Valve, gemu linakwamakwama, unampelekea fundi. Anaiwasha, anatikisa kichwa, anakwambia mashine "haijafunguliwa nguvu". Unatoa elfu sitini, jioni unairudia "imebustiwa", yaani eti FPS (idadi ya picha, au fremu, kwa sekunde) imeongezwa. Mdogo wangu aliipeleka kwa hela aliyoipata likizo akipakia viazi Uyole. Naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma, kwa sababu hela ile ilitoka mgongoni kwa mtu.

Mashine imerudi inakwama KULIKO ilivyokwenda. Nikaikagua mwenyewe usiku ule.

Kitu cha kwanza: huo "ufunguzi wa nguvu" ni kubonyeza kile kitufe chenye vidoti vitatu upande wa kulia, kwenda kwenye ukurasa wenye alama ya betri, na kulazimisha kasi ya upande wa michoro ikae MHz 1600 muda wote. Basi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufanya hivyo akiwa anakunywa chai. Na ni kosa la kiufundi. Chipu ya Deck ina bajeti moja ya umeme, wati 15, na prosesa na michoro wanagawana hiyohiyo. Ikiachwa yenyewe, michoro inapanda hadi 1600 pale inapohitaji na kushuka isipohitaji. Ukiishikilia juu, umemnyang'anya prosesa umeme wake, na gemu likifika mahali penye watu wengi au magari mengi, prosesa ndiye anayetakiwa kuhesabu. Nilipofungua takwimu za juu ya kioo nikaona michoro imeganda 1600, prosesa amebanwa, na mstari wa muda wa fremu una meno kama msumeno. Dogo alikuwa anacheza juu ya meno hayo na kuambiwa macho yake hayajazoea!

Cha pili, alijisifu "ameongeza VRAM", yaani memori ya michoro. Deck ina RAM (memori ya kazi) ya GB 16 ambayo prosesa na michoro wanaitumia kwa pamoja. Alichofanya ni kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) na kutenga GB 4 kwa ajili ya michoro badala ya 1. Hajaongeza hata chembe. Kuna gemu chache zinazonufaika na mpangilio huo, nyingi hazijali. Mtu asilipishwe kwa hilo.

Cha tatu ndicho kilichonifanya nifungue uzi. Alifuta "takataka" ili mashine iwe nyepesi. Takataka zenyewe ni folda mbili, shadercache na compatdata.

Ngoja nieleze, maana wengi mtakuja kufanyiwa hivi. Gemu la kompyuta linatumia vijiprogramu vinaitwa sheda, ndivyo vinavyochora mwanga, maji, moshi, ngozi. Sheda isipokuwa tayari, mashine inaiandaa papo hapo katikati ya mchezo, na hapo ndipo unaona picha inasimama ghafla mara ya kwanza bomu linapolipuka au unapoingia chumba kipya. Kwa kuwa Deck zote zina chipu za familia moja, Valve wanazituma sheda zikiwa zimeshaandaliwa, unazipakua pamoja na gemu. Ndizo zinazokaa shadercache. Yaani fundi aliyelipwa kuondoa kukwama amefuta kitu kilichowekwa mahususi kuzuia kukwama. Sasa itabidi zipakuliwe upya kwa bando, na bando hapa kwetu mnajua bei zake.

Compatdata ndiyo mbaya zaidi. Deck inaendesha Linux badala ya Windows, na gemu za Windows zinapita kwenye Proton, programu inayoziwezesha kucheza kwenye Linux. Kila gemu lina chumba chake cha Windows ya kuigiza humo ndani ya compatdata, na gemu lisilohifadhi kwenye wingu la Steam linaweka maendeleo yako humohumo. Ukifuta chumba, umefuta kila kitu. Gemu la mdogo wangu lilikuwa halitumii wingu. Ameliwasha likamwomba achague lugha na aanze mwanzo. Hakusema kitu, alinipa tu mashine mkononi akatoka nje.

Halafu kadi. Kitu ambacho kila mwongozo wa kufungua Deck unakuambia kabla hujagusa bisibisi ni kutoa kadi ya memori, kwa sababu inapita kwenye mfuniko wa nyuma na ukivuta mfuniko ikiwa ndani inavunjika vipande viwili. Yake imevunjika vipande viwili, mstari umepita katikati kabisa. Fundi anasema "ilikuja hivyo". Ilikuja hivyo wakati dogo alikuwa anacheza gemu lililomo kwenye kadi hiyo kwenye daladala akienda kwako?

Na msitudanganye kwamba "Mbeya baridi, ukiipandisha kasi haiwezi kupata moto". Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo feni ikizunguka kasi ileile inabeba joto pungufu kuliko huko chini. Baridi ya Juni inasaidia, sikatai, lakini Juni hiyohiyo watu wanacheza wamejifunika blanketi, na Deck inavuta hewa mgongoni na kuitoa juu. Ukiziba mgongo, baridi ya nje haikusaidii chochote. Vumbi la kiangazi nalo limejaa humo. Fundi aliifungua kabisa mashine na akaacha vumbi kwenye feni! Kazi moja halali ambayo ningelipia bila kelele, hakuifanya.

Mipangilio nimeirudisha yote. Michoro nimeiacha ijiamulie, feni nimeipuliza, kisha nikafunga fremu 40 na kioo Hz 40 (kijichore upya mara 40 kwa sekunde). Kwa wasiojua kwa nini 40: fremu 30 kwa sekunde ni milisekunde 33.3 kila moja, 60 ni 16.7, na 40 ni 25, katikati kamili ya hizo mbili. Jicho linasikia muda kati ya fremu na fremu. Gemu linaloruka kati ya 38 na 60 linachosha kuliko lililotulia 40 bila kuyumba. Baada ya hapo shusha vivuli na idadi ya watu barabarani, gemu likiwa bado zito shusha ubora wa picha na uache FSR, ile inayokuza picha ndogo ijaze kioo, ifanye kazi yake. Bure kabisa.

Steam Deck haiuzwi rasmi Tanzania. Zote ni za kuagizwa au za mkononi, hakuna dhamana ya kukimbilia, kwa hiyo fundi wa mtaani ndiye tegemeo letu pekee. Ndiyo maana inauma. Nataka elfu sitini ya dogo na kadi ya GB 512, na fundi husika anajijua, namba yangu anayo.

Mwenye uzoefu wa kurudisha mafaili yaliyofutwa kwenye ext4 (mfumo wa Linux wa kuhifadhi mafaili) anicheki PM, hata kama uwezekano ni mdogo. Mashine nimeizima na sijapakua kitu kingine chochote, ili nisiandike juu yake.