Karavani ya Tenby mwezi wa nane, tunatoka Nakuru na mama mzee na watoto

Kutoka: Mama wa Section 58, Nakuru

Hamjambo wote. Naomba msaada kwa nyinyi mlio huko Uingereza na wale mmesharudi nyumbani. Dada yangu wa Bristol amebuku karavani Wales karibu na Tenby, mji wa pwani, wiki moja mwezi wa nane shule zikifungwa, na tunaenda kumtembelea, mimi, mama na watoto wangu wawili, visa zimetoka Mungu ni mwema. Sasa kila nikimuuliza dada hiyo karavani ni nini haswa ananijibu "ni nyumba tu, wacha wasiwasi", na mama naye ameshaambiwa na jirani ati ni ile trela inavutwa nyuma ya gari, amekataa kabisa, anasema umri wake si wa kulala ndani ya kitu inatembea.

Baridi iko aje, tubebe blanketi kutoka huku? Na kupika, juu mama hawezi maliza wiki bila ugali na chapati. Magoti yake pia si mazuri. Watoto hawajawahi kuona bahari, wanajua tu bwawa la kuogelea la hoteli, na Lake Nakuru wanaiona kwa dirisha la gari. Alafu shemeji anataka kuleta vijana wake wawili wakubwa wapige hema hapo kando ya karavani ndio wasilipe ya pili. Hiyo inakubalika kweli?

Jibu kutoka: Mzee wa Kondele, Kisumu

Mama wa Section 58, pole na hiyo kazi ya kumshawishi mama. Mwambie karavani ziko aina mbili. Kuna ya kuvutwa, ndio hiyo jirani aliona kwa tivii, na kuna ile imewekwa mahali pamoja haitoki, ina vyumba vya kulala, jikoni, choo, bafu, sofa na hita. Dada akisema ni nyumba anamaanisha hii ya pili. Mimi nilikaa Uingereza miaka mingi kabla sijarudi Kisumu na wazee wakitutembelea tulikuwa tunawapeleka kwa hizi hizi, maana hoteli ya pwani mwezi wa nane bei yake inatoa machozi.

Lakini muulize dada leo, usingoje kesho, ni ya watu wangapi. Wakiandika watu sita mara nyingi wale wawili wa mwisho wanalala kwa sofa ya sebuleni ya kukunjua, na sebule ndio hiyo hiyo jikoni, sasa mama akiamka saa kumi na moja kuomba na kuchemsha chai atakuwa anaruka miguu ya watu gizani. Kuna chumba cha kitanda kikubwa, hicho ni chake. Vile vingine ni vitanda viwili vyembamba na katikati unaweka mguu mmoja tu, kwa hivyo masanduku makubwa yabaki Bristol. Shuka na taulo pia aulize, kwingine ziko ndani ya bei, kwingine unakuja na zako. Mlangoni kuna ngazi kadhaa. Ziko karavani zenye njia ya mteremko badala ya ngazi lakini ni chache na mwezi wa nane zinaisha mapema, apige simu.

Baridi haitawashtua nyinyi watu wa Nakuru. Mchana ni nyuzi 19 ama 20, usiku 13 hivi. Kinachosumbua ni upepo na mvua isiyopiga hodi, bebeni koti la mvua lenye kofia, mwavuli utapinduliwa siku ya kwanza. Usiku ikinyesha juu ya hiyo karavani ni kama umelala chini ya mabati kwa nyanya, mama atalala vizuri sana. Watoto ndio hawatalala, juu mwanzo wa mwezi wa nane jua linazama saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi limeshatoka tena, na pazia ni nyepesi. Lesso mbili za rangi nzito zifungwe dirishani.

Kupika hakuna shida, jiko ni la gesi. Unga wa mahindi nunueni Bristol kabla hamjatoka, na sufuria nzito na mwiko mbebe kwa gari, zile sufuria za karavani ni nyepesi za kupasha supu ya mkebe, ukisonga ugali wa nyumba nzima sufuria inazunguka na mwiko. Chapati ndio ina mambo. Nafasi ni ndogo, moshi wa mafuta ukipanda kidogo tu kengele ya moshi inalia mpaka majirani wanatoka kuchungulia. Kabla ya kuweka kikaango fungua dirisha la jikoni na mlango wa nje, funga milango ya vyumba, moto uwe wa wastani. Msitoe betri wala msifunike kengele na mfuko wa plastiki, nimeona watu wakifanya hivo alafu wanasahau na kulala.

Na sasa hapa naomba mnisikilize. Jiko la makaa. Shemeji atataka kuchoma nyama na achome, nje, mahali wenyewe wameruhusu. Ikifika usiku upepo umeanza kuna mtu lazima aseme hayo makaa yaliyobaki tuyaingize ndani yapashe kidogo, ama vijana wayaweke mlangoni mwa hema kwa ndani. Hapana, kabisa. Makaa hata yakishaingia majivu juu bado yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina moshi, mtu anaskia kichwa na usingizi tu. Si hii hadithi tunaijua kutoka nyumbani, msimu wa baridi watu wanakutwa asubuhi ndani ya nyumba waliyofunga vizuri. Na hema likifungwa zipu si salama hata kidogo. Karavani inafaa kuwa na kengele yake ya hiyo gesi, tofauti na ile ya moshi, mkifika tu iangalieni, ina kitufe cha kujaribu, ikinyamaza mwite mwenye eneo kabla hamjafungua mizigo.

Kuhusu hema, maeneo mengi ya karavani za kukaa hayaruhusu, na kila anayelala lazima awe ameandikwa. Vijana watafute kempingi jirani, Pembrokeshire, kaunti hiyo ya Tenby, ziko nyingi, nyingine ni mkulima tu ametoa shamba lake. Wakilipia nafasi yenye stima wajue inapimwa, mara nyingi ni ampea 10 ama 16, kwingine hata 6. Ampea 10 ni wati 2,300 hivi, na birika la umeme la nyumbani linaweza kula 3,000 peke yake, ukiliwasha tu swichi inaruka, na kama sanduku la stima limefungwa kufuli mtakaa giza mpaka mwenye shamba aamke. Kuna birika ndogo za kempingi za chini ya wati 1,000, zinachelewa lakini chai inaiva. Na ule waya mrefu wa rangi ya machungwa waukunjue wote hata kama hema liko karibu na nguzo, ukibaki umeviringwa unapata moto hadi unayeyuka.

Jibu kutoka: Dada wa Mumias, Swansea

Mzee amemaliza mambo ya jikoni, wacha mimi nichukue bahari, Tenby ni saa moja na kitu kutoka kwangu na tunaenda sana.

Sisi watu wa bara na wa ziwa tumezoea maji yanayokaa. Pale Dunga, ufuko wa Kisumu, ukiacha maji asubuhi jioni utayapata palepale, labda magugu tu ndio yamehama. Tenby maji yanatoka na kurudi mara mbili kwa siku, kama masaa sita yanapanda, masaa sita yanashuka, na siku za mwezi mpya na mwezi mpevu tofauti yake inafika mita 7 na zaidi. Yaani ule mchanga mpana mmetandika lesso na kuweka flaski saa nne asubuhi, ikifika mchana ni bahari, na haiji na kelele, unashtukia tu viatu vinaelea. Kuna kisiwa kinaitwa St Catherine, kina ngome juu, maji yakitoka unatembea kwa mguu hadi pale chini yake. Watoto watataka na waende, lakini muwe mmejua saa ya maji kurudi kabla hamjavuka. Ratiba iko kwa intaneti, na kila siku inasogea kama dakika 50, kwa hivyo msitumie ya jana.

Kuogelea, tafuteni ufuko wenye waokoaji wa RNLI, lile shirika la hisani la kuokoa watu baharini, si kila ufuko uko nao, na wakiwepo mara nyingi ni saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mnaingia katikati ya bendera mbili za nyekundu na manjano, hapo tu. Bendera nyekundu tupu maana yake hakuna kuingia. Zile boya za kupuliza za flamingo na donati, mtoto akikulilia dukani kataa, ama azitumie kwa bwawa. Upepo ukitoka nchi kavu unasukuma mtoto nje haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea kumfuata. Mkiona mtu amezidiwa msirukie, pigeni 999, namba ya dharura, na muombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Na maji ni baridi jamani, nyuzi 16 ama 17 hata mwezi wa nane, watoto wa Nakuru watapiga nduru, wanunulieni zile suti za mpira, maduka ya mitumba ya hisani zinakuwanga bei rahisi.

Kama utashika usukani, laisensi ya Kenya inakubalika mpaka miezi 12 na tunaendesha upande uleule, muhimu dada aandikishe jina lako kwa bima ya gari. Watoto lazima viti vyao mpaka wafike miaka 12 ama urefu wa sentimita 135, chochote kitangulie, hakuna kupakatwa hapa. Daraja la Severn, la kuvuka kuingia Wales, halilipwi tena tangu 2018. Mkishaingia Wales muwe macho, tangu Septemba 2023 barabara nyingi za mitaani ni maili 20 kwa saa, na kamera ziko, barua ya faini itamfikia dada nyinyi mmesharudi Nakuru.

Mama naye, ule mji uko juu ya mwamba na kushuka ufukweni kwingi ni ngazi. Lakini Pembrokeshire kuna viti vya magurudumu vya ufukweni, tairi zake nene hazizami mchangani, mnabuku mapema. Siku bahari imetulia mpelekeni Caldey kwa boti, ni kisiwa cha watawa, wanatengeneza chokoleti na manukato, kuna mwendo kidogo wa mguu na Jumapili boti haziendi. Mama yangu alipafurahia kuliko kila mahali tulimpeleka, London ikiwemo.

Kutoka: Mama wa Section 58, Nakuru

Wueh, asanteni sana. Mama amekubali, kilichomshawishi ni hapo pa watawa. Sasa dada ameleta lingine, anasema karavani kama hizo zinauzwa na za zamani bei si mbaya, ati tuchange kama familia tununue moja, iwe ploti yetu ya huko. Mnaonaje?

Jibu kutoka: Kijana wa Kakamega, Birmingham

Mimi huwa nasoma tu lakini hapa siwezi nyamaza. Hiyo si ploti. Ploti ina title, hii unanunua sanduku na ardhi inabaki ya mwenye eneo, unamlipa kila mwaka ya kukaa hapo, ni maelfu ya pauni, na anapandisha. Mkataba una mwisho, na maeneo mengi yana umri wa karavani, ikipitisha unaambiwa uitoe, sasa utaitoa uipeleke wapi, Lurambi? Wengi wanafunga geti sehemu ya msimu wa baridi, na huruhusiwi kuifanya makao yako, lazima uwe na anwani nyingine. Kuna ile sheria ya 1983 ya kulinda watu wanaoishi kwa nyumba za aina hii, lakini ya likizo haimo. Ukitaka kuuza mwenye eneo anakata kamisheni, na bei yenyewe inashuka kila mwaka. Binamu yangu alinunua mpya, alipokuja kuiuza pesa aliyorudishiwa huku nyumbani angenunua ng'ombe tu, na si wengi.

Kodini. Na kama mwaka mwingine mama atakuja bila watoto, aje Septemba, bei inaanguka shule zikifunguliwa na maji ya bahari bado yana joto lake. Ila dada asijaribu kutoa watoto wake shule ya Bristol wamfuate, faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160.

Kutoka: Mama wa Section 58, Nakuru

Nimemtumia dada hii yote, amenijibu "sawa" peke yake, nadhani amenuna. Swali la mwisho ni la mama: anataka kubeba mursik, yale maziwa ya kugandishwa, kwa kibuyu na nyama kavu kidogo.

Jibu kutoka: Mzee wa Kondele, Kisumu

Maziwa na nyama hapana, kutoka Kenya haviruhusiwi, vitachukuliwa hapo uwanja wa ndege na kibuyu pia atakikosa. Majani chai abebe, hata kilo mbili, na aache nafasi ya chokoleti.