Naomba ushauri: kupata jalada la mirathi la zamani, Mbeya

Habari wakuu. Natafuta nakala za mirathi ya marehemu babu, mahakama ya mwanzo huku Mbeya vijijini, mwaka 1998: Fomu Na. 4 ya uteuzi wa msimamizi, na hasa Na. 5 ya orodha ya mali, maana shamba linataka kuuzwa. Namba ya shauri sina, nina majina ya marehemu na msimamizi tu. TanzLII (tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania) nimepekua, ila kule ni zaidi Mahakama Kuu na Rufani. Barua kwa hakimu mfawidhi nimepeleka; karani anasema bila namba jalada halipatikani, na rejista za miaka ile zilihamishwa.

Je, rejista hizo niziulizie mahakama ya wilaya? Na mimi mjukuu, nisiyekuwa mdaawa (mhusika katika shauri), niambatanishe kiapo au barua ya mtendaji inatosha?